Nusu ya Ncha ya Kidole

Saa nne usiku, mjini Oulu, theluji inakwaruza dirisha.
Raili anafunga mlango wa bafu kwa komeo
ingawa nyumba nzima haina mtu mwingine.
Kioo cha kunyolea cha marehemu Veikko
anakilaza sakafuni, anakichuchumalia.
Miaka sitini na mmoja ameutembeza mwili huu
na hapa hawajawahi kutazamana.

Ngozi nyeupe, nyembamba, yenye vikunyanzi
kama karatasi ya kusokotea sigara,
na ufa mmoja mwekundu
uliochimbwa na ukucha wake mwenyewe, usingizini.

Daktari wa kwanza alisema fangasi.
Wa pili alisema umri, mama, ni umri tu.
Akanunua sabuni ya lavenda, akajisugua
kama anayesugua sufuria iliyoungua.
Mwasho ukanona.
Wa tatu, Honkasalo, binti mwenye mikono baridi,
aliinamisha taa, akatazama, hakuharakisha.
"Hauambukizi. Hukuutafuta. Hautaondoka.
Ila unatulizika."
Raili alilia pale pale kitandani, miguu ingali juu,
kwa ajili ya hilo neno la mwisho.

Sasa ni maji ya uvuguvugu, basi.
Sabuni imehamia kwenye vyombo.
Taulo linagusa, halifuti.
Chupi za pamba, pana kama bendera za kusalimu amri,
naye hajasalimu.
Malhamu ya steroidi: nusu ya ncha ya kidole,
kila usiku mwezi wa kwanza, kisha usiku mmoja na mmoja kupumzika,
kisha Jumatano na Jumamosi,
siku alizozichorea duara kwenye kalenda ya jikoni
hata mjukuu akauliza, "Bibi, huwa unakwenda wapi?"
"Nina miadi."
Wala hakudanganya.

Mara moja aliacha. Kikaratasi ndani ya boksi kilimtisha:
ngozi itakonda, ngozi itachubuka.
Wiki ya tatu mwasho ulirudi usiku wa manane
kama mdai anayejua ulikoficha pochi.
"Ugonjwa unakula ngozi kuliko dawa," Honkasalo alisema,
akamwandikia tena.

Miaka thelathini alisambaza barua kwa baiskeli,
na wala hataki kuiacha sasa. Ametafuta tandiko
lenye mfereji katikati. Muuzaji, kijana,
alieleza sifa zake akitazama dari.

Jumamosi, sauna kwa dada yake, Tellervo.
"Mbona hujipaki sabuni?"
Mficha uchi hazai, husemwa. Hawa wawili wamezaa watano,
uchi wao umekaa wazi juu ya benchi la mbao,
na bado wamefichana.

Raili akasema. Akautaja ugonjwa kwa jina lake refu la Kilatini,
akataja na mahali, kwa neno la kawaida,
neno ambalo mama yao hakuwahi kulitamka.
Tellervo akamwagia mawe maji. Mvuke ukawapanda.
"Mama," akasema.

Mama, kwenye ngazi za nje, mwezi wa Januari,
gauni la kulalia limepandishwa, amekaa juu ya barafu.
Nao dirishani, wadogo, wakinong'onezana:
anatazama nyota.
Walikua wakiamini mama yao alipenda sana mbingu.

Kimya. Maji yakalia kwenye mawe.
Kisha Tellervo, akiongea na ndoo:
"Hiyo malhamu, inachoma?"
"Kidogo. Siku za mwanzo."
"Mimi huu ni mwaka wa saba."

Hapakuwa na kalamu.
Raili aliandika namba ya Honkasalo kwa kidole
kwenye kioo cha mlango, juu ya mvuke.
Ikatiririka.
Akaiandika tena.